Nani Atalinda Baiskeli?

Hapa kwetu, kati ya Bwera na Mpondwe, ukimwona mtu amekaa kwenye baiskeli ya mikono, mara nyingi yuko kazini. Baiskeli yenyewe ina magurudumu matatu, pedali ziko mbele ya kifua, na nyuma kuna sanduku la bati la kuwekea mzigo. Mizigo inatoka Kasindi kuja huku, mingine inatoka huku kwenda Kasindi: mafuta ya mawese, sabuni, vitenge, unga. Si sisi peke yetu. Busia, kati ya Uganda na Kenya, utawakuta. Goma, pale watu wanapovuka kwa miguu kuingia Gisenyi, utawakuta. Na Kinshasa, kwa miaka mingi, wafanyabiashara wenye ulemavu walipata nafuu ya nauli na ya ushuru kwenye vivuko vya kwenda Brazzaville, hata baiskeli zao zikageuka kuwa maduka yanayovuka mto.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba walemavu wa Kongo hawasafiri. Wanasafiri kuliko wengi wetu. Ila kila safari yao ina sababu: kutafuta pesa, kufuata dawa, kukimbia. Ya kutembea tu, ya kuona vitu vizuri na kurudi jioni, hiyo hakuna mtu anayewauliza kama wanaitaka.

Ndiyo maana watu walicheka siku Yaya aliposema kwenye mkutano wetu wa Jumamosi kwamba anataka kupanda boti aone viboko.

Namwita Yaya, kama sisi wa Kivu tunavyomwita ndugu mkubwa. Hatuna damu moja. Alifika kwenye kikundi chetu cha vijana Kasese kuuza karanga, akabaki. Amepita umri wa ujana, lakini nani atamfukuza? Polio ilimpata akiwa mtoto mdogo, na miguu haikurudi. Mwezi wa nane 2020, Afrika ilipotangazwa kuwa imeondokana na virusi vya polio vya asili, nilimpelekea habari nikidhani atafurahi. Akasema, "Ni vizuri kwa watoto. Mimi niongeze bei ya karanga?"

Boti anayoisema ni ile ya mfereji wa Kazinga. Kwa wasioufahamu: si mfereji uliochimbwa na watu. Ni maji ya asili, urefu wake kama kilomita 32, yanayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikabadilishwa jina 1954 baada ya malkia wa Uingereza kuitembelea. Watalii wanatoka nchi za mbali kuja kukaa saa mbili juu ya maji yale. Sisi tunaoishi Kasese na Bwera tunapita daraja la Katunguru ndani ya taksi, tunageuza shingo sekunde kumi, basi, umeshapita.

Hoja ya kwanza iliyotolewa ilikuwa ya chakula. Kijana mmoja akasema, "Watu kambini chakula kimepunguzwa, na sisi tunaenda kuangalia viboko?" Si hoja ya kipumbavu. Sisi wa mjini hatupati hata kile kilichopunguzwa. Wengi tulikataa kwenda Rwamwanja au Kyaka kwa sababu huku tuna ndugu. Banande na Bakonzo ni watu wamoja waliokatwa na mpaka, na mtu wa Butembo akifika Bwera anasalimia kwa lugha yake na anajibiwa. Lakini kuwa na ndugu si kuwa na sufuria iliyojaa.

Mimi kazi yangu ni vijana, na katika kazi hii tulishapewa semina juu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule Uganda iliouridhia mwaka 2008. Nilikuwa bado na daftari. Nikawasomea vifungu viwili. Cha 11 kinahusu vita na maafa: nchi ilinde watu wenye ulemavu wakati wa hatari. Cha 30 kinahusu utamaduni, mapumziko, michezo na utalii: wafike kama wengine wanavyofika. Vimo katika mkataba mmoja. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba cha 30 kisubiri mpaka cha 11 kiishe.

Yaya alisikiliza, halafu akasema, "Hiyo ya kumi na moja mimi niliifanya peke yangu. Sasa munisaidie na hiyo ya makumi tatu."

Hapo ndipo alipotueleza juu ya boti yake ya kwanza. Alikuwa akiishi Kyavinyonge, ule mji wa wavuvi upande wa Kongo wa Ziwa Edward. Usiku risasi zilipoanza kusikika karibu, watu walikimbilia ufukweni. Yeye alifika, maana baiskeli kwenye njia ya mchanga mgumu inakimbia kuliko mama mwenye watoto watatu. Mwenye pirogi akamwambia: wewe ndiyo, baiskeli hapana. Mahali pa baiskeli wangekaa watu wanne. Yaya hakubishana, kwa sababu watu hao wanne walikuwa wamesimama pale pale mbele yake, ndani ya maji. Wanaume wawili wakamshika kwapani na magotini, wakamtupa juu ya magunia ya samaki. Baiskeli ikabaki ufukweni, ikiangalia ziwa.

"Nilifika Uganda kama mzigo," alisema. "Mwezi mzima nilikuwa nikitambaa. Miezi tisa nilikuwa naomba watu wanisukume. Si kwamba miguu yangu ilikufa nikiwa mtoto. Miguu yangu ilikufa usiku ule."

Halafu akauliza swali lililosimamisha mkutano: "Tukienda huko Kazinga, nani atalinda baiskeli?"

Kuiacha Bwera hakukubali. Bila baiskeli hafiki hata stendi ya taksi, na nyumba ya kupanga haina geti. Kuipeleka mpaka kwenye maji na kuiacha pale bila mtu, hapana, hiyo alishaifanya. Kimya kikawa kirefu. Yule kijana aliyeleta hoja ya chakula ndiye aliyeinua mkono. "Nitakaa nayo," akasema. "Mimi viboko niliwaona Vitshumbi, wananuka."

Tukaanza kuchanga. Shilingi 2,000 kila Jumamosi, miezi saba, na kanisa moja la Bwera likaongezea mafuta ya gari. Tulikuwa watu kumi na wanne. Wenye ulemavu walikuwa watatu: Yaya, mvulana wa miaka kumi na saba anayetumia kiti cha magurudumu tangu alipoanguka na bodaboda, na msichana wa magongo.

Wiki mbili kabla ya safari nilikwenda mwenyewe na futi ya fundi cherehani. Boti huondokea sehemu zaidi ya moja, na ile tuliyoikodi sitaitaja. Nilipima. Kutoka mahali gari linaposimama mpaka kwenye maji ni mteremko, halafu ngazi kumi na moja, halafu ubao mfupi, halafu mlango wa boti. Mlango: sentimita 64. Kiti cha yule mvulana: sentimita 61. Baiskeli ya Yaya: 83. Mhudumu aliniangalia nikiandika, akasema kwa upole kabisa, "Usijisumbue. Huwa tunawabeba."

Nilirudi na namba hizo. Usiku nikawa nasoma kwenye simu jinsi wengine wanavyofanya, na nikashangaa kwamba hata wenye pesa wana shida ile ile. Meli kubwa za starehe, zile zenye ghorofa kumi na mbili, zina vyumba vyenye milango mipana na lifti. Lakini mahali ambapo meli haiwezi kufunga gatini, abiria hushushwa kwa viboti vidogo, na mwenye kiti kizito cha umeme anaweza kuambiwa abaki juu, aangalie kisiwa kwa mbali. Huko Marekani abiria waliipeleka kampuni moja ya meli mahakamani, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema kwamba sheria yao ya watu wenye ulemavu inazigusa hata meli zenye bendera za nje zinazochukua abiria kwenye bandari zao. Kumbe meli iwe ya ghorofa kumi na mbili au boti ya viti thelathini, tatizo linakaa mahali pamoja: zile hatua chache kati ya nchi kavu na chombo. Ukishavuka hapo, maji ni ya wote.

Hapa Uganda nayo sheria ipo, ya mwaka 2020. Lakini sheria haina misumari. Tukaenda kwa seremala wa Bwera, akatuchongea mbao mbili ndefu, nene, zenye vijiti vilivyopigiliwa kukata utelezi, na ukingo mdogo pembeni ili gurudumu lisitoke. Tulijifunza nyuma ya kanisa, tukitumia ngazi za mimbari.

Mambo tuliyoyashika nayaandika hapa, yatamsaidia mwingine. Kwanza, anayebebwa au kusukumwa ndiye anayetoa amri. Wengine wanyamaze, kwa sababu watu wanne wakipiga kelele "inua" kila mmoja kwa wakati wake, mtu anaanguka. Pili, kiti kikishuka kwenye mteremko mkali kinashuka kinyumenyume, mgongo wa aliyekaa ukiangalia chini, la sivyo atamwagika kwa mbele. Tatu, ndani ya boti breki zifungwe, na kiti kikae mahali kisipobiringika. Lakini mtu asifungwe kwenye kiti kwa kamba. Boti ikipinduka kiti kinazama, na aliyefungwa anazama nacho. Jaketi la kujiokoa analivaa mtu, si kiti. Nne, mto wa kukalia usisahauliwe. Yule mvulana hasikii maumivu upande wa chini, na saa mbili kwenye ubao zinatosha kumfanyia kidonda cha miezi. Tano, choo kabla ya kupanda. Ndani ya boti hakuna, au kipo na mlango wake ni wa watu wembamba.

Siku ilifika. Tuliondoka Bwera alfajiri, mbao juu ya gari, baiskeli juu ya mbao. Kikorongo tukakata kulia, tukavuka mstari wa ikweta watu wakipiga picha, tukashika barabara ya Katwe. Yaya alimwonyesha msichana wa magongo upande wa ziwa la chumvi: "Chumvi ya babu zetu ilitoka pale." Getini palikuwa na bei za aina tatu: watu wa nje, wageni wakaaji, na raia wa Afrika Mashariki. Nilikuwa nimeshauliza mapema mkimbizi anaingia wapi. Kongo iko ndani ya Jumuiya tangu 2022, na siku hiyo tulihesabiwa kama Waafrika Mashariki. Yaya akasema, "Leo tu njo nimeona faida ya hiyo Jumuiya."

Mvulana alishuka kwanza. Mbao zilishika. Alishuka kinyumenyume, watu wawili chini, mmoja juu, yeye akitoa amri kama afisa wa jeshi: "Simama. Shusha. Simama." Kwenye mlango wa boti zilibaki sentimita tatu, moja na nusu kila upande. Akaingia.

Kisha zamu ya Yaya. Tulikuwa tumekubaliana atahamia kiti cha akiba, ashuke kwa njia ile ile. Lakini kiti cha akiba tulichoazima kilikuwa na gurudumu la mbele lililolegea, na kwenye mteremko lilianza kucheza. Wahudumu wawili wakaja mbio, mikono imeshanyooshwa kwenye kwapa zake. Nia yao ilikuwa nzuri.

"Hapana," Yaya akasema. "Miye siko mzigo."

Akavua kandambili miguuni, akazivaa mikononi. Akajishusha chini, akakaa kwenye ngazi ya kwanza, na akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja, anapumzika, anavuta miguu kwa mkono, ngazi nyingine. Ngazi kumi na moja. Mhudumu akaangalia saa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nahodha atachelewa, kuna kundi lingine. Nikamwambia aongee na Yaya. Hakuongea.

Nyuma yetu kulikuwa na watalii. Mmoja akainua simu kupiga picha. Sikuwa na la kusema kwa Kiingereza haraka, nikasogea tu, nikasimama kati ya simu na ngazi. Yaya aliona, na bila kugeuka akasema, "Mwambie picha ni elfu kumi." Vijana wetu wakacheka mpaka yule mtalii akacheka bila kujua anacheka nini, simu ikarudi mfukoni. Na mama mmoja mzee wa Kizungu, mwenye fimbo, aliyekuwa amesimama juu akiziangalia ngazi kwa hofu, naye akaanza kushuka taratibu nyuma ya Yaya, ngazi kwa ngazi, kwa mwendo wake. Hakuna aliyemharakisha, kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi ya kuharakia.

Alipofika kwenye boti alijivuta mwenyewe mpaka kiti cha pembeni, akavaa jaketi, akafuta mikono. Kisha akageuka kuangalia juu. Kijana wetu alikuwa amekaa ndani ya baiskeli, siyo kando yake, ndani kabisa, mikono juu ya pedali. Ngiri alikuwa akinusa gurudumu la nyuma. Kijana akapunga mkono. Yaya naye akapunga. Boti ikawaka.

Kuhusu viboko sitawachosha. Ni wengi, wanakaa kama mawe, halafu jiwe linafungua mdomo. Tuliona nyati wazee wamelala matopeni, tembo na mtoto wake, mamba mmoja aliyefanya boti nzima isogee upande mmoja mpaka nahodha akafoka. Ndege ni wa kila aina. Yule mvulana alikuwa kwenye nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu kiti chake kiliwekwa mbele kabisa palipokuwa wazi. Kwa saa mbili watu wenye miguu ndio walioomba kusimama karibu naye.

Mfereji unapoishia, maji yanafunguka ghafla na kuwa Ziwa Edward. Hapo boti inageuka. Asubuhi ile kulikuwa hakuna ukungu, na ng'ambo ya ziwa ilionekana milima, ya bluu, mirefu, kama ukuta.

"Ile ni Kongo," mwongozaji akasema, kama anavyowaambia watalii kila siku.

Kwenye boti ile watu kumi na watatu walinyamaza pamoja. Msichana wa magongo alianza kulia, bila sauti. Yaya hakulia. Aliuliza, "Haya maji yanaenda upande gani?" Mwongozaji akaeleza: yanatoka Ziwa George, yanapita hapa kwenye mfereji, yanaingia Ziwa Edward. Kutoka Edward yanatoka kwa mto Semliki, yanapita ndani ya Kongo, halafu yanarudi mpakani mpaka Ziwa Albert, na huko ni Nile.

Yaya akafikiri. "Kwa hiyo yanaingia Kongo na kutoka, hakuna mtu anayaomba karatasi."

"Hakuna, mama."

Akatia mkono majini, mara moja tu, kwa sababu mwongozaji alimkataza mara moja kwa ajili ya mamba. Alikuwa ameangalia upande wa Kyavinyonge, ambao kutoka pale hauonekani. Baadaye kwenye gari aliniambia alikuwa anajiuliza kama kuna mtu aliyeichukua ile baiskeli ya kwanza. "Nataka awe ni mlemavu," alisema. "Siyo mtu wa kuuza vyuma."

Kurudi juu ilikuwa kazi zaidi ya kushuka. Ngazi kumi na moja za kupanda kwa mikono si za kumi na moja za kushuka. Kwenye ya saba alisimama, akahema, akaniita. "Mudogo wangu, sasa munibebe. Wewe na yule. Wale wengine hapana." Tukambeba. Kubebwa alikokuomba mwenyewe, na watu aliowachagua mwenyewe, kulikuwa ni kitu kingine. Hakuna aliyehitaji kueleza tofauti.

Kijana alikuwa bado ndani ya baiskeli. Jua lilikuwa limemchoma. Aliripoti kwamba ngiri walikuwa watatu na hakuna hata msumari uliopotea.

Tulipokuwa tunafunga mbao juu ya gari, nahodha alikuja mwenyewe. Aliuliza zilichongwa wapi, akazipima kwa hatua, akasema wana wageni wengi wazee ambao wanashindwa na ngazi zile. Angependa azinunue. Nikafungua mdomo kusema tutamwachia kama zawadi. Yaya akanikanyaga kwa jicho.

"Elfu themanini," akasema.

Nahodha akacheka, akasema thelathini. Yaya akamwonyesha vijiti, akamwonyesha ukingo, akamwambia mti wenyewe ni mgumu na fundi ni wa Bwera, si wa kubahatisha. Walimalizana kwa elfu hamsini na tano, na sharti moja alilolidai Yaya: safari ijayo ya boti, kijana mmoja atapanda bila kulipa. Nahodha akakubali, wakashikana mikono.

Jumamosi iliyofuata pesa ziliingia kwenye daftari la kikundi, na chini yake jina la kijana aliyelinda baiskeli. Yeye bado anasema viboko wananuka. Lakini juzi nilimsikia akimuuliza yule mvulana upande gani wa boti ni mzuri kukaa. Na Yaya ameshatangaza kwamba siku hiyo hatapanda. Atakaa juu, ndani ya baiskeli yake, na karanga za kuuza.